Upande wa Pili wa Pazia

4 Februari

Kisu,

"Daktari anayewaacha wagonjwa ili aandike hadithi za mauaji," umeniandikia, "ni sawa na mpishi anayetoka jikoni watu wakiwa na njaa, akaenda kuchora sahani za chakula ukutani." Nimeusoma mstari huo nimesimama, nikausoma tena nimekaa, na mara zote mbili nimeona unachechemea.

Jiko sikuliacha tupu. Nilikaa miaka miwili mizima nikimfundisha yule daktari mwenye sauti ndogo, mpaka akaweza kumlaza mtu kwa dawa ya usingizi na kumwamsha bila kunitafuta kwa macho. Nikamkabidhi mashine, nikamkabidhi kiti changu kile kinachoyumba, nikaondoka. Na huyo mpishi wako anawapikia watu walio macho! Mimi miaka ishirini na mbili niliwahudumia watu ambao kitu cha mwisho walichokiona ni macho yangu juu ya barakoa, na neno la kwanza walilotamka wakiamka ni, "Daktari yuko wapi? Nataka kumshukuru." Daktari maana yake wewe. Mimi nimesimama palepale, nimelishika taya la mtu lisianguke, naambiwa, "Sista, niitie daktari." Vikapu vya zawadi vilipita mbele ya pua yangu vikielekea ofisini kwako. Sikulilia vikapu. Nasema tu kwamba wewe uliyeshiba shukrani usinifundishe habari za njaa.

Halafu unaniletea neno "mwito". Mwito, mwito! Kila anayetaka mtu afanye kazi mpaka adondoke humwambia ana mwito. Punda naye angekuwa anajua kusoma tungemwandikia hivyo kwenye mzigo.

Nikueleze sababu ya kweli, maana hukuwahi kuuliza, ulihukumu tu. Unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka kwa kuwa sikuwahesabisha wagonjwa? Wenzangu wote wakishachoma sindano husema, "Hesabu kurudi nyuma kuanzia kumi." Mimi nilisema, "Nisimulie kitu." Anayehesabu hulala kama mfungwa, anayesimulia hulala kama mtu. Nawe upande wa pili wa lile pazia la kijani, pale tumbo linapotengwa na kichwa, mikono imeoshwa na kuinuliwa juu, unanguruma: "Nusukaputi, hapa ni thieta au ni barazani?" Mimi nikaendelea kusikiliza. Miaka yote hiyo ya hadithi, Kisu, na hakuna hata moja iliyofika mwisho. Kuna mama mmoja aliniambia, "Baada ya mazishi nikafungua kabati la marehemu mume wangu, na mle ndani nikakuta..." akalala. Alipoamka nikamwinamia: "Mama, kabatini ulikuta nini?" Akanitazama kama amenifumania naiba. "Kabati gani?"

Siku ile chakula hakikupita. Wewe ulifungua matumbo ukayafunga. Mimi niliachiwa hadithi zilizofunguliwa, na hakuna mshono wa kuzifunga. Ndiyo maana naandika riwaya za kutisha, na ndiyo maana riwaya ya kwanza inaanza na kabati. Sijawaacha wagonjwa. Nawamalizia.

Chumba changu kiko juu ya duka la fotokopi. Mashine yao inatetemesha sakafu tangu asubuhi, na jioni wakiizima nasikia masikio yangu yenyewe. Simu naifungia kwenye droo ya soksi, ndiyo maana unapiga haipokelewi. Wewe andika. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Na ile habari ya kwaya? Ulianza mwenyewe, siku ile tunatoa bandama: "Mimi nilifukuzwa kwaya ya shule kwa sababu..." Damu ikaruka, ukanyamaza, na hujarudi tena kwenye sentensi hiyo. Nawe umo kundini mwa walioniacha njiani.

Wako kwa hasira na heri,
Nusukaputi

19 Februari

Nusukaputi, dada mwenye moto,

Hotuba yako imefika. Nimeisoma chumba cha kubadilishia nguo, mguu mmoja ndani ya suruali na mwingine nje, na metroni akagonga mlango akidhani nimeanguka. Sikuanguka. Nilikuwa natafuta hoja.

Sikuipata. Nikaenda kununua kitabu chako. Usifurahi, nilikuwa natafuta ushahidi dhidi yako. Na nimeupata! Pale muuaji anapomchoma marehemu sindano. Mama, kwa kipimo kile marehemu angecheka kidogo, akaomba chai, akaenda zake nyumbani. Miaka minne tu na umeshasahau hesabu za mwanafunzi wa mwaka wa tatu? Hapo ndipo ninaposema: mikono isiyofanya kazi inasahau. Kisu kisichonolewa hugeuka kijiko.

Pia, kwa nini mpasuaji kwenye kitabu chako anakufa mapema hivyo? Hata chai hajanywa. Na kwa nini ana kitambi? Mimi sina kitambi. Siku hizi ndiyo kabisa sina, suruali ya thieta naifunga mafundo mawili isinidondokee mbele ya wanafunzi. Mpishi mpya wa kantini ana chuki na chumvi.

Thieta iko vilevile. Taa ya kushoto bado inapepesa. Yule wako mwenye sauti ndogo anafanya kazi vizuri, sina malalamiko. Anawahesabisha. Mtu anafika saba, kimya. Nasimama na mikono juu kama mtu aliyetekwa, nasubiri aseme "Tayari", na akisema simsikii, mpaka sista anigonge kiwiko. Zamani ulisema "Tayari, Kisu" mpaka na walioko korido wakajiandaa.

Leseni yako bado iko hai? Nauliza tu.

Habari ya kwaya nimeiwekea akiba. Nitaisimulia siku nitakayolazwa mimi. Mpaka hapo, vumilia.

Rudi. Jiko lina moshi.

Kisu

7 Machi

Kisu,

Umewika kama jogoo aliyeona taa ya gari akadhani kumekucha. Kipimo kile kimekosewa kwa makusudi! Ulitaka niandike cha kweli? Niuze madukani, kwa kila mume mwenye hasira na kila mrithi mwenye haraka, njia sahihi ya kumuua mtu? Nilikaa wiki nzima nikitafuta kosa zuri: kosa ambalo msomaji wa kawaida atalimeza, na mwenye kujua atapiga kelele. Umepiga kelele. Ahsante kwa kuthibitisha kwamba hesabu zangu ni nzima. Kuandika uongo usiomdhuru mtu kunataka kuujua ukweli mpaka kwenye mzizi, na hilo ndilo msiloliona ninyi mnaoziita riwaya zetu uchafu wa stendi.

Mpasuaji alikufa mapema kwa sababu asingekufa angezungumza mpaka ukurasa wa mwisho. Kitambi nilimpa ili usijitambue. Naona hakikutosha.

Leseni imekufa. Sikuihuisha, na sina mpango wa kuihuisha. Usinitege kwa maswali ya pembeni, sema unachotaka kusema.

Unaniambia nirudi, kana kwamba huku niko likizoni. Nakuambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Huku hakuna anayenisemesha mpaka mchana. Nashuka kununua mkate nisiouhitaji ili muuza mkate aseme, "Karibu, mama." Jana alikuwa na mteja mwingine, akanipa mkate bila kusema kitu. Nikapanda ngazi nimenuna kama nimetukanwa. Nina mikate miwili mezani na hakuna wa kumkatia. Lakini hiyo ndiyo bei ya kazi hii, na wewe uliyezungukwa na watu kumi na wawili wenye glovu huwezi kunihurumia wala sitaki unihurumie.

Badala yake nakuchokoza. Unasema kuandika ni kuchora ukutani? Chora wewe! Nipe ukurasa mmoja wa hadithi. Mtu, hofu yake, na sababu ya hofu hiyo. Vitu vitatu tu. Nakula yamini hutaweza, maana wewe hujawahi kuogopa kitu zaidi ya daftari la zamu.

Nusukaputi

2 Aprili

Nusukaputi,

Umenichokoza, basi shika. Mimi si mwandishi. Nitakupa mifupa, nyama utaweka mwenyewe. Nimeipa kichwa: Kinyozi Hajinyoi.

Kuna mpasuaji. Mzee kidogo, siyo sana. Mke alishatangulia. Mtoto mmoja yuko ng'ambo, hupiga simu kuuliza kama mvua imenyesha. Siku moja mpasuaji amelala chali kwenye kochi anasoma, mkono uko tumboni, na vidole vikakutana na kitu. Vidole vyake vimesalimiana na vitu vya namna hiyo kwa watu wengine maisha yake yote. Anajiambia, kama anavyowaambia wagonjwa, "Vuta pumzi." Anavuta. "Hapa panauma?" Hapaumi. Hapo ndipo anapojua. Picha zikapigwa, zikasema alichokwishajua. Uvimbe uko kwenye utumbo, unatoleka, akiwahi. Wenzake wako tayari. Kitanda kipo.

Haendi.

Si kisu anachokiogopa. Anajua kinavyopita, na anamwamini atakayekishika. Anachokiogopa ni ile dakika ya kabla. Amesimama pembeni ya dakika hiyo maisha yake yote, mikono juu, akisubiri aambiwe "Tayari". Na aliyekuwa akisema "Tayari" alikuwa mtu mmoja tu. Mtu huyo ameondoka, anafanya kazi nyingine mbali. Hawakuwahi hata kunywa chai nje ya hospitali, hao wawili. Waliongea miaka yote kupitia kitambaa. Sasa mpasuaji anaona kwamba akilala bila sauti ile, atalala kama tumbo, na hakuna atakayejua kwamba upande wa kichwa kulikuwa na mtu. Basi anaahirisha. Leo taa mbovu, kesho mafua.

Niambie kama mtaalamu wa fani: hadithi hii inaishaje? Sina haraka kubwa, lakini usichelewe.

Kisu

12 Aprili

Kisu, mwandishi mwenzangu!

Nimecheka mpaka wa fotokopi wakagonga dari. Siyo kwa dharau, ni kwa ushindi. Umekiri! Uliyesema tunachora ukutani umeshika makaa na wewe unachora. Barua yako ya mpishi naitundika juu ya meza kama ngozi ya chui.

Sasa nikuhariri, na sitakuuma huku nakupuliza. Mwanzo ni mzuri. Vidole kwenye kochi, nimeviona. Mtoto wa mvua nimemwonea wivu, ningekuwa sina adabu ningemwiba. Kichwa ni kibovu, methali ni ya kufungia hotuba, siyo ya kufungulia riwaya.

Lakini mhusika wako simwamini. Mtu mzima, mpasuaji, aliyepasua nusu ya mji, anakataa kupona kwa sababu amekosa sauti? Hakuna msomaji atakayekubali. Hiyo ni sababu ya mtoto anayegoma kulala bila mama yake. Kama anamtaka huyo mtu wa usingizi, kwa nini hasemi? Hana mdomo? Hana kalamu? Amwandikie barua, neno moja: Njoo! Kuliko kuzunguka na taa na mafua. Mwoga wa namna hiyo hachukuliki kurasa mia mbili. Ushauri wangu wa kitaalamu: muue sura ya pili, halafu hadithi mpe metroni, hao ndio huwa wanajua kila kitu.

Usikate tamaa. Andika tena. Hofu unayo, sababu ndiyo huna.

Nusukaputi

6 Mei

Kisu,

Umenuna? Waandishi wote hununa wakihaririwa, ni dalili nzuri. Mimi mhariri wangu aliponikatia sura tatu nilimwita muuaji kwenye simu nikiwa foleni ya benki, watu wakageuka.

Jibu, hata kwa matusi.

Nusukaputi

3 Juni

Kisu,

Nimemaliza riwaya ya pili. Nimeandika neno la mwisho saa za mchana, nikainuka, nikatazama chumba: kitanda, birika, dirisha linalotazama ukuta. Nikagundua sina wa kumwambia. Nikashuka kumwambia muuza mkate. Akasema, "Hongera, mama. Mmoja au miwili?"

Simu nimeitoa kwenye droo. Nakupigia, inaita tu. Sasa najua inavyokuwa.

Kama ni lile neno la mwoga, lilikuwa la mhusika, siyo lako.

Nusukaputi

15 Juni

Daktari wetu,

Ni mimi metroni. Mzee amenikataza nisikuandikie. Mimi siyo mwanafunzi wake, na anwani yako nimeiona kwenye bahasha zako anazozipanga kama vyeti.

Anaumwa. Ana uvimbe kwenye utumbo, aliugundua mwenyewe tangu mwezi wa kwanza. Bado unatoleka, lakini mpasuaji atakayemshika amesema ni mwezi huu au mapema ujao, baada ya hapo asiulizwe. Tumempangia siku mara tatu. Ya kwanza alisema taa ya kushoto ni mbovu. Ya pili akasema ana mafua. Ya tatu akasema ana harusi ya mpwa wake. Daktari, mzee hana mpwa. Namjua tangu nikiwa msichana nasuka mabutu mawili, hana mpwa.

Yeye mwenyewe hapasui tena. Anakuja asubuhi, anavaa nguo za thieta, anakaa chumba cha kubadilishia. Nilimkuta na barua yako mkononi. Nikamuuliza, "Daktari anasemaje?" Akasema, "Ameniua sura ya pili." Akacheka mpaka akashika tumbo. Sikuelewa, na sikupenda kicheko chenyewe.

Jambo lingine, maana najua mnavyogombana kuhusu vitabu vyako. Anakinunua kile cha kwanza. Anakiweka kwenye lile benchi la korido, wanakokaa ndugu wa wagonjwa. Kikiibwa, na kinaibwa kweli, ananunua kingine. Nilimwuliza kwa nini, akasema, "Pale kwenye benchi mtu akikaa bure anajila mwenyewe. Hiki angalau kinamtisha kwa kitu cha uongo."

Tulipomuuliza ndugu yake wa karibu ni nani, hakumtaja mtoto. Alikutaja wewe.

Sijui mlikosania wapi. Mimi nakuomba tu.

Metroni

18 Juni

Kaka yangu,

Ulisema "Njoo" kwa ukurasa mzima, nami nikakupa maksi.

Nilikusoma kama mhariri kwa sababu nilikuwa na njaa ya kushinda. Nimeishi kwa kubishana mpaka mtu akiniambia anakufa natafuta udhaifu kwenye sababu zake. Siombi unisamehe leo, hatuna muda huo. Utanisema vizuri ukipona.

Sitakudanganya. Siwezi kukulaza. Leseni imekufa, lakini hata ingekuwa hai nisingekugusa. Miaka minne mikono hii imeshika kalamu. Ulisema kisichonolewa hugeuka kijiko, na kwa hilo ulikuwa sahihi, liweke kwenye kumbukumbu, maana hutanisikia nikilirudia. Yule mwenye sauti ndogo ni bora kuliko mimi nilivyokuwa umri wake. Simsifu kwa kuwa nilimfundisha. Namsifu kwa kuwa huogopa pale panapostahili kuogopwa.

Lakini nakuja. Mlango wa thieta hawatanifungulia, nami sitawaomba. Nitakaa kwenye benchi. Nilipita mbele ya benchi lile miaka ishirini na mbili na sijawahi kulikalia.

Na kama mhariri, nabatilisha maoni yangu. Sababu yako inatosha. Sijui niliwezaje kutoiamini, mimi ninayenunua mkate ili niambiwe karibu. Usimuue mtu wako. Mlaze.

Mimi

23 Juni

Nusukaputi,

Masahihisho yamekubaliwa. Mwandishi mwenyewe hana nguvu za kubishana, kwa hiyo umeshinda kwa mlango wa nyuma. Siku imepangwa, Julai mosi asubuhi. Mpwa nimemwambia ahirishe harusi.

Lipo moja tu. Yule wako atanihesabisha. Nimewasikia wengi wakifika saba. Mimi nikifika saba nitashuka kitandani na kukimbia korido nzima mgongo wazi, na metroni atakufa kwa aibu. Nilisema habari ya kwaya ni ya siku nitakayolazwa. Sasa siku imefika, na wewe uko kwenye benchi. Nimsimulie nani?

Njoo na mkate. Mpishi wa kantini bado hatii chumvi.

Kisu

1 Julai, asubuhi, kwenye benchi la korido

Kwako daktari mwenye sauti ndogo, na kwako sista utakayesimama naye upande wa kichwa,

Metroni amekubali kuwapa karatasi hii kabla hamjaanza. Isomeni mpaka mwisho, ni fupi kuliko zangu za kawaida.

Mtu mtakayeletewa sasa hivi mnamjua kwa kelele zake. Nimemwona akipita na kitanda. Amenitazama, akainua mikono miwili juu, vile anavyosimama akisubiri, mpaka wakamwambia aishushe. Nilikuwa na maneno mengi ya kusema na mkate kwapani, nikashindwa vyote viwili.

Hapa benchini kuna mwanamke mmoja ambaye mumewe yuko chumba cha pili. Anasoma kitabu changu, kile kilichowekwa hapa na mgonjwa wenu. Amefika kwenye kabati. Miguu yake ilikuwa inatikisika tulipokaa, sasa imetulia. Sijamwambia mimi ni nani. Alinigeukia mara moja tu, akasema, "Ndugu yako?" Nikasema ndiyo.

Kuhusu dawa, vipimo na mashine sina neno. Hayo mnayajua, na mkikosea hata kidogo mgonjwa mwenyewe atawasahihisha akiwa usingizini. Nataka mambo mengine, na siyaombi. Nayadai, kwa sababu hayaongezi hata dakika moja kwenye kazi yenu, na kwa sababu nilikosa kuwafundisha nilipokuwa na nafasi. Nilidhani ni kichaa changu mwenyewe.

Msimhesabishe. Daktari, paza sauti yako, upande wa pili wakusikie, mwambie: "Mzee, kwa nini ulifukuzwa kwaya?" Ataanza. Akianza msitazamane, msicheke kabla yake, msimalizie sentensi zake. Sikilizeni. Ninyi ndio watu wa mwisho aliobaki nao kabla ya giza, na habari hiyo ameibeba tangu mtoto. Ikikatika, na itakatika, shikeni neno la mwisho. Neno lenyewe, siyo maana yake. Kisha, daktari, sema "Tayari, Kisu", kwa nguvu, hata kama aliyeshika kisu leo ni mwingine. Yeye atajua anaambiwa nani.

Akiamka atakana kila kitu. Atasema, "Kwaya gani?" Msimwache. Mwambieni alipoishia, aendelee kuanzia hapo.

Na kabla hajaamka, baada ya kumlaza tu, mmoja wenu afungue mlango huo na aje hapa benchini. Sihitaji kuambiwa kama mambo yanakwenda vizuri. Nimewahi kuwaambia wengi hivyo, najua neno hilo lina thamani gani. Njooni mniambie alipoishia.

Nusukaputi